Mwavuli Uliobaki Nyumba ya Pazia la Maua

Asubuhi ile mke wa fundi viatu alikuwa anatafuta miwani yake, na miwani ilikuwa kichwani. Fundi alimwona akiinua mto, akifungua kabati, akichungulia chini ya meza. Hakumwambia kitu. Alikunywa chai yake taratibu. Ndivyo walivyokuwa wakitaniana miaka yote: mke atafute wee mpaka achoke, halafu mume amshauri akiulize kichwa chake.

"Kwa hiyo umeniona muda wote huu," mkewe alisema.

"Tangu ulipoinua mto."

"Na watu wanasema nimeolewa."

Fundi akacheka, akampa viatu vyake. Cha kushoto alikuwa amekitia kisigino kipya, kwa sababu mguu huo ndio uliokuwa unakanyaga kwa nguvu. Mkewe akaketi kwenye kigoda akafunga kamba, na huku anafunga alikuwa anazungumzia nyumba moja, ile ya pazia la maua mlangoni. Mwavuli wake ulibaki huko siku tatu zilizopita na leo alikuwa anaufuata. Fundi alimsikiliza kwa sikio moja. La pili lilikuwa kwenye buti la mlinzi mmoja, ambalo lilitakiwa saa tatu na halijashonwa. Mlangoni mkewe aligeuka, akasema maneno machache juu ya nyumba hiyo. Fundi akajibu, "Haya," akarudi kwenye buti.

Hilo "haya" ndilo neno la mwisho alilompa mke aliyeishi naye miaka arobaini na moja. Saa tano mtu alikuja mbio kutoka kituoni, kazini kwa mkewe, kumwita. Alipofika, mkewe alikuwa amekwisha kata roho, wamemlaza kwenye mkeka wa kuchezea watoto. Viatu walikuwa wamemvua na kuvipanga vizuri pembeni, kisigino kipya kimeshika vumbi la njia moja tu, ya nyumbani mpaka kituoni.

Watu walimwita Bibi Mwavuli. Kazi yake ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba kwa niaba ya kituo cha kusaidia familia, kile chenye geti la kijani nyuma ya soko, aangalie nani ana shida gani. Kituo kilikuwa na chumba cha watoto wadogo kushinda wakati wakubwa wao wako kibaruani, uji wa saa nne, muuguzi siku ya Jumatano, na mama mmoja wa ushauri ambaye watu walimwendea ili walie kidogo warudi nyumbani. Nafasi zilikuwa chache. Familia iliyopata alama nyingi za shida kwenye fomu ilipewa nafasi. Iliyopata chache iliambiwa isubiri mwakani.

Hakuanza na fomu. Alianza na fagio. Miaka tisa alifagia kituo hicho hicho, akajua ni mama yupi analeta watoto kabla jua halijatoka, na ni yupi anakuja kuwachukua macho yamevimba. Wakubwa walipotafuta mtu wa kutembelea familia, mkuu wa kituo wa wakati huo alisema hakuna anayezijua kumshinda yule anayefuta nyayo zao sakafuni. Basi akapelekwa masomo ya jioni ya watu wazima. Fundi mwenyewe hakuwahi kukaa darasani hata siku moja. Mkewe aliporudi alikuwa anamsomea masomo yake kwa sauti, fundi anashona, na kila akimaliza anauliza kama amepatia. Fundi hakuwa na njia ya kujua. Kila siku alimwambia amepatia.

Habari ya mwavuli ilianza kwa kusahau kweli.

Mgeni akitangazwa, nyumba inaandaliwa. Kituo kilikuwa kinatoa taarifa siku moja kabla ya kutembelea, na siku hiyo moja ilitosha mtaa mzima kuhamia nyumba moja. Huyu analeta viti, huyu vikombe, huyu shuka jipya la kufunika godoro lililochanika. Hawakuwa na nia ya kudanganya. Mtu wa ofisi anakuja, atakalia nini? Fomu ikiuliza viti vingapi, viti viko pale. Ikiuliza wanakula mara ngapi, mezani kuna sahani imefunikwa. Familia inapata alama za watu wasio na shida, na nafasi inakwenda kwingine.

Siku moja Bibi Mwavuli, ambaye bado hakuwa na jina hilo, alisahau mwavuli kwa mbeba mizigo mmoja. Akaufuata kesho yake bila kutangaza. Hakukuta kiti hata kimoja. Mke wa mbeba mizigo alikuwa amekalia ndoo iliyogeuzwa. Mume, ambaye jana walisema yuko kazini, alikuwa amelala kwenye magunia, mgongo umekufa miezi minne. Walikuwa wamempeleka kujificha kwa jirani, mgeni asije kumkuta mwanamume amelala mchana. Bibi alichukua mwavuli wake, akarudi kituoni, akaichana fomu ya jana akaandika nyingine.

Tangu siku hiyo alisahau mwavuli kila nyumba. Aliuegemeza nyuma ya mlango, anaaga, anakwenda. Anarudi siku ya pili au ya tatu, anapitia mlango wa nyuma, anaulizia kitu chake kama bibi kizee aliyepungukiwa na kumbukumbu. Ndipo anapojaza fomu. Watu walimhurumia. Wengine walimwambia mumewe sokoni kwamba mama anahitaji kupimwa, anasahau mno. Fundi alikuwa anaitika kwa huzuni ya uongo, akifika nyumbani anamchokoza.

"Ofisi imekosa mtu mwingine wa kukumbuka shida za watu?"

"Wa kukumbuka wamejaa," mkewe alikuwa anajibu. "Wamekosa wa kusahau."

Mwavuli wenyewe ulikuwa mweusi, umepauka ukakaribia kuwa wa kijivu, mpini wa mti. Waya wake mmoja ulikatika, na fundi aliufunga kwa uzi wa viatu aliouvuta kwenye nta. Alisema uzi huo utaishi kuliko mwavuli, na mwavuli utaishi kuliko wao wawili. Alikuwa anajisifu kazi yake tu.

Mwaka jana makao makuu yalileta watu wa kupima ubora wa kituo. Nao walitangaza kabla. Ukuta ukapakwa rangi. Viti vidogo kumi na viwili vikaazimwa chekechea ya jirani, pamoja na boksi zima la vitu vya kuchezea. Mkuu wa kituo alileta feni kutoka kwake. Wageni walikaa saa mbili, wakahesabu viti, wakahesabu wanasesere, wakapiga picha feni ikizunguka. Kituo kikapata tisini na mbili kwa mia.

Jioni hiyo Bibi Mwavuli alifika nyumbani anacheka mpaka akashika ukuta. Alimweleza fundi kwamba na wao wamefanya yale yale ya watu wao, wameazima, wamekalisha wageni, na hakuna mgeni aliyesahau mwavuli. Fundi naye akacheka. Walikuwa hawajajua bado.

Baada ya mwezi barua ilikuja. Kituo kinachofanya vizuri namna ile hakihitaji watu wawili wa kutembelea familia. Mmoja ahamishiwe kituo chenye alama mbaya. Akabaki Bibi Mwavuli peke yake. Na fomu ikahamia kwenye simu. Sasa nyumba ilitembelewa mara moja, na majibu yalitumwa kabla ya kutoka mlangoni. Makosa yangeweza kurekebishwa ndani ya siku saba, na aliyetuma peke yake, kwa namba yake ya siri.

Bibi alizishika hizo siku saba kama mtu anayeshika kamba kisimani. Alitembea nyumba zake na za mwenzake. Hakuacha kusahau mwavuli. Ila mwavuli ulikuwa mmoja, basi ikambidi kila nyumba airudie haraka ili aupeleke nyingine. Fundi aliona mambo kwenye soli. Zilikuwa zinaisha upande wa nje, kama za mtu anayejiburuta. Alimwambia apunguze. Mkewe akamuuliza akipunguza yeye, nani ataongeza. Fundi akakata ngozi, akabandika soli nyingine.

Nyumba ya pazia la maua ilikuwa ya bibi mmoja anayefua nguo za watu. Alikuwa na wajukuu watatu. Mama yao alifariki, baba hajulikani aliko. Mkubwa alikuwa wa miaka saba, wa kati minne, mdogo hajatembea. Siku alipotembelewa kulikuwa na viti vinne vya mito, vikombe vya kioo na redio. Yule bibi alijibu kila swali kwa adabu. Wanakula vizuri, wanalala vizuri, hawadai kitu, wanashukuru. Simu ikajumlisha, ikatoa kumi na nane. Zilihitajika arobaini. Bibi Mwavuli alituma kama alivyoamriwa, akaegemeza mwavuli nyuma ya mlango, akaaga.

Lakini njiani, bombani, jirani alimnong'oneza. Ndugu wa upande wa baba walikuwa wamekaa kikao. Bibi hawezi kufua na mtoto mgongoni na mwingine miguuni. Kama kituo hakitawapokea wale wadogo mchana, watoto watagawanywa: mmoja kwa shangazi, mmoja kwa mjomba, na mdogo kwa atakayemtaka. Mambo yote yalingoja jibu la kituo. Hayo Bibi Mwavuli alimsimulia mumewe usiku ule ule, na akayarudia asubuhi ile akifunga kamba za viatu.

Msiba ulijaza nyumba. Watu walikuja, viti viliazimwa, chai ilipikwa kwenye sufuria ambazo fundi hakuzijua. Alikaa alipowekwa. Alikunywa alichopewa. Siku ya tisa watu wa mwisho walirudisha viti vya watu, wakafagia, wakaaga. Nyumba ikabaki na kigoda chake na kiti kimoja kilichotoboka.

Fundi alisimama akatazama nyuma ya mlango, kwenye msumari wa mwavuli. Msumari ulikuwa mtupu.

Akahesabu kwa vidole. Siku tatu kabla, siku tisa baada. Siku ya saba ilikuwa imepita msibani, siku ya nne, yeye amekaa anapewa pole. Hakuna aliyemzuia kukumbuka. Hakukumbuka tu.

Akavaa viatu, akaenda kituoni.

Mkuu wa kituo, mama wa makamo ambaye alilia msibani kuliko hata ndugu wengine, alimkalisha kwenye kiti chake mwenyewe. Fundi akaeleza. Kwamba nyumba ya pazia la maua haijamalizika. Kwamba kumi na nane si alama zake. Kwamba mke wake alikuwa anarudi huko siku ile ile. Alieleza mara moja, kisha akarudia, maana hakuwa na kingine cha kuongeza. Mkuu alifungua kompyuta, akaandika, akangoja, akaandika tena.

"Mzee wangu, hapa panauliza jina la aliyetembelea. Nikiliweka linaniambia mtumishi huyo hayupo."

"Hapo imesema kweli," fundi alisema.

Mkuu alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na uchafu. Akamweleza taratibu, kama mtu anayemtoa mtoto mwiba. Angeweza kwenda mwenyewe kuiona ile nyumba, na angekwenda leo hii, lakini familia iliyokwisha pewa alama haifunguliwi upya mpaka mwakani. Alikuwa amepiga simu makao makuu mara mbili juu ya nyumba nyingine mbili za namna hiyo. Mara ya kwanza walitaka ushahidi. Mara ya pili walimwambia kituo chenye tisini na mbili hakitarajiwi kuwa na malalamiko. Aliposema tisini na mbili alitazama pembeni, pale feni ilipokuwa imesimama siku zile.

Fundi akauliza kama neno lake linaweza kuwekwa. Mkuu akamuuliza kama anaweza kuandika maelezo. Fundi akaangalia mikono yake. Basi mkuu akachukua karatasi, fundi akasema, yeye akaandika, na mwisho fundi akaweka dole gumba. Mkuu aliiweka karatasi kwenye trei, juu ya karatasi nyingine nyingi. Fundi aliangalia lundo lilivyo, akashukuru, akainuka.

Alipofika getini aliuliza njia ya kwenda kwa dobi mwenye wajukuu. Akaelekezwa. Pazia lilikuwa la maua mekundu, limefuliwa mpaka mekundu yamekuwa ya waridi. Nje kamba mbili zilijaa mashati ya watu. Ndani mtoto alikuwa analia kilio cha kuchoka, na mwingine anambembeleza kwa sauti ya mtu mzima. Fundi aliinua mkono abishe. Mkono ukakaa hewani. Angeingia angesema nini? Kwamba kuna mtu alijua? Aliushusha mkono, akageuka, akarudi alikotoka.

Wiki tatu zilipita. Alishona viatu. Watu walileta hata visivyoharibika.

Jumatatu moja asubuhi, mwanamke wa umri wake alisimama mlangoni akabisha hodi. Mikono yake ilikuwa imekunjamana vidoleni kama ya mtu aliyetoka majini sasa hivi. Kwapani alikuwa na kitu kirefu kilichofungwa kwa kitambaa cheupe, na fundi hakuhitaji kukifungua.

Alimkaribisha. Kisha akatazama ndani, kigoda kimejaa viatu na kile kiti kilichotoboka, akamwomba asubiri kidogo. Akavuka njia mpaka kwa mama pacha, jirani yake, akarudi amebeba kiti cha mto. Akakifuta kwa kiganja.

"Kaa hapa, dada."

Yule bibi akakaa. Akapapasa mkono wa kiti.

"Kizuri," alisema.

"Cha jirani."

Mwanamke akatikisa kichwa kuonyesha ameelewa, na kwa muda kidogo nusura wote wawili wacheke.

Alieleza habari zake bila kulia. Jibu la kituo lilipokuja, ndugu hawakungoja. Mjukuu mkubwa amechukuliwa na shangazi. Wa kati yuko kwa mjomba, mbali, siku nzima ya safari. Mdogo yuko nje hapo amebebwa na jirani, anachukuliwa Jumamosi na watu ambao yeye hajawahi kufika kwao. Aliona si vizuri akae na mali ya marehemu. Alikuwa na nia ya kuuleta mapema, ila alingoja kwanza. Alidhani mwenyewe angeufuata, maana watu walisema huwa anasahau na huwa anarudi. Habari za msiba zilimfikia zimechelewa.

"Mjukuu wangu mkubwa alikuona siku ile," aliongeza. "Alisema kuna mzee amesimama nje, kisha ameondoka. Ungebisha, baba."

"Sikuwa na kitu mkononi."

"Na mimi nilikuwa na nini?"

Fundi akafungua kitambaa. Mwavuli ulikuwa umefuliwa. Uzi wake wa nta ulikuwa mahali pake. Waya wa pembeni yake, ambao fundi hakujua kwamba nao ulikuwa umelegea, ulikuwa umeshonwa kwa uzi mweupe, mishono midogo midogo ya mtu aliyezoea kola za mashati. Akaupitishia kidole. Alitaka kuisifu kazi ile, kama fundi kwa fundi, akaishia kuuvuta uzi kwa ukucha na kuona umeshika.

"Ni vile viti, siyo?" yule bibi aliuliza. "Nilitaka akae vizuri. Mtu mzima, amekuja na jua lile."

Fundi aliugeuza mwavuli mikononi. Nje mtoto alianza kulia, jirani akamnyamazisha.

"Nakuuliza jambo moja, kisha naondoka. Alipotoka kwangu alisemaje? Alituona waongo? Hilo ndilo linalonikosesha raha. Watoto wamekwenda, siwezi kuwarudisha, na wewe huwezi. Lakini nataka kujua alituonaje."

Tangu asubuhi ile fundi alikuwa ameyabeba yale maneno ya mkewe na hakujua pa kuyatua. Kituoni yalikataliwa, na yale ya kwenye karatasi yalikuwa kwenye lundo. Hayangemrudisha mtoto hata mmoja. Ila mwenyewe aliyeyaulizia alikuwa amekaa mbele yake, kwenye kiti cha kuazima. Fundi aliufunga mwavuli, akaulaza mapajani, akamwambia kama mkewe alivyosema pale mlangoni, bila kuongeza na bila kupunguza:

"Ile nyumba bado sijaiona, fundi. Nimeona viti vya majirani tu. Leo nitaingilia jikoni."